Njia ya Kwenda Ziwani Isifungwe

Sisi tunaoishi Shinyanga tunalijua Ziwa Victoria kwa dagaa wanaopimwa sokoni kwa kopo na sado kuliko tunavyolijua kwa macho. Watoto wetu hujibu vizuri darasani kwamba ndilo ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lakini wengi wao hawajawahi kuweka mguu katika maji yake. Kwa sababu hiyo kikundi chetu cha akina mama wa kanisani kilikubaliana kuweka akiba, kidogo kidogo kila wiki, hadi zikatimia nauli za akina mama kumi na wanne na watoto kumi na tisa. Haja yetu haikuwa kubwa. Tulitaka kulala Mwanza usiku mbili, kukaa kando ya ziwa, kula chakula tulichopika wenyewe, na kurudi nyumbani tumepumzika.

Tumerudi tumepumzika kweli, na tunamshukuru Mungu. Lakini tumerudi pia na jambo la kuwashirikisha wenzetu. Ziwa ni la wote, ila njia za kulifikia zinaweza kupungua moja baada ya nyingine, na njia zikiisha, ziwa linabaki la wachache.

Safari yenyewe

Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni takribani kilomita 160 za lami. Tulipita Maganzo, Mabuki na Misungwi, nchi ya pamba na ng'ombe, mpaka Usagara ambako barabara inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Kigongo, penye Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Daraja hilo lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na kuanzia hapo wagonjwa na akina mama wajawazito wa ng'ambo ya Busisi hawalazimiki tena kusubiri kivuko. Sisi tulinyoosha kwenda mjini. Tulipofika Mkuyuni na Igogo ziwa likaanza kuchungulia kati ya nyumba, na watoto wakasimama wote ndani ya basi. Kondakta aliwaacha waangalie.

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na jina hilo ni la haki. Mawe makubwa yamekaa juu ya mawe, na nyumba zimejengwa katikati yake mpaka juu vilimani. Jiwe linalojulikana zaidi limesimama ndani ya maji karibu na kivuko cha Kamanga, nalo huitwa Jiwe la Bismarck, kwa jina la yule kansela wa Wajerumani wa zamani. Jioni watu hufika hapo kulitazama: maharusi na wapiga picha wao, wanafunzi, wazee wanaotaka upepo. Hatukuulizwa kiingilio. Tulikaa mpaka jua likazama, na watoto wakahesabu mitumbwi iliyokuwa ikitoka kwenda kuvua. Hata mama mmoja wetu aliyekuwa na msiba wa karibuni alicheka siku hiyo. Tukasema moyoni, kumbe maji na upepo ni dawa isiyoandikwa na daktari.

"Ingieni kama wateja"

Kesho yake asubuhi tulikwenda upande wa Capri Point, rasi yenye nyumba nzuri na mandhari ya kupendeza. Tulitafuta mahali pa kutandika mikeka kando ya maji. Tulitembea na vikapu vyetu tukipita ukuta, geti, ukuta tena. Ziwa lilikuwa pale pale nyuma ya kuta hizo, tunasikia mawimbi yake, lakini hatukuona pa kupita. Kwenye hoteli moja tulimsalimu mlinzi na kumweleza shida yetu. Alikuwa kijana mpole.

"Shikamooni mama zangu," alisema. "Mkitaka kuliona ziwa, ingieni kama wateja. Kila mtu anunue kinywaji, na chakula cha nje hakiruhusiwi."

Tulipiga hesabu. Soda thelathini na tatu kwa bei ya hotelini zingemaliza nauli ya kurudia nyumbani. Tulimshukuru, tukaondoka. Hatumlaumu kijana yule, naye ana mwajiri wake. Mwenye hoteli naye ana haki ya kuuza soda yake na kulinda viti vyake. Lakini tulijiuliza njiani: tulichozuiwa ni viti vyake, au ni ziwa?

Tusichanganye mambo hapa. Karibu na rasi hiyo kuna Kisiwa cha Saanane, ambacho jina lake linatokana na mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa hicho kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama katika miaka ya 1960. Tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa, nayo ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa nchini. Huko unalipa kiingilio na nauli ya boti, na sisi tunaona ni halali, kwa sababu kuna askari, waongozaji na wanyama wa kutunzwa. Kulipia huduma si tatizo. Tatizo ni pale mtu anapotakiwa kulipia ruhusa ya kusogea kwenye maji ambayo hakuna aliyeyatengeneza.

Kwenye mwalo

Mchana tulipanda daladala kwenda kwenye mwalo mmoja nje ya katikati ya jiji. Kwa wasomaji walio mbali na ziwa, mwalo ni mahali ambapo wavuvi hupandisha mitumbwi na kushusha samaki. Hapo hatukuulizwa sisi ni akina nani. Tulisalimiana kwa Kisukuma, tukaonyeshwa kivuli, tukapika wali wetu, tukaongezewa sato wawili kwa bei ya undugu.

Bibi mmoja anayeanika dagaa alikaa nasi. Alitueleza kwamba zamani kulikuwa na njia tatu za kushuka majini kutoka barabarani. Moja iliingia katika kiwanja kilichozungushiwa ukuta. Ya pili imewekwa seng'enge na mtu ambaye wao hawajawahi kumwona. Imebaki moja, na hiyo hutumiwa na wote: wachuuzi wa samaki, wanaofua nguo, wanaochota maji, watoto wanaokuja kuogelea, na kila baada ya muda waumini wanaokuja kubatizwa.

"Wanangu," alisema, "ikifungwa na hii, sisi tutaliangalia ziwa kama tunavyoangalia mwezi."

Suala la ubatizo lilitugusa. Yako makanisa yanayobatiza kwa kuzamisha, na waumini wake hushuka ziwani na mtoni wakiwa na kanzu nyeupe na nyimbo zao. Ibada ya namna hiyo inahitaji njia ya kupita, ufuko ulio wazi na maji safi. Kwa hiyo jambo hili si la starehe peke yake. Ufuko ule ule ni pa kupumzikia, pa kufanyia kazi na pa kusali.

Sheria inasemaje?

Tuliporudi tulikaa na mmoja wetu anayefanya kazi katika ofisi ya ardhi, akatusomea sheria kwa utulivu. Tumejifunza mengi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za kingo hizo miongoni mwa ardhi hatarishi. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inasema maji ni mali ya umma, ambayo Rais ameshika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Majirani zetu tunaoshirikiana nao ziwa hili wana sheria zinazofanana na hizo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Uganda, katika kanuni zake za mwaka 2000, iliweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kuzunguka Ziwa Victoria.

Mita 60 hizo hazikuwekwa kwa kubahatisha. Ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 maji yalipanda kupita rekodi iliyowekwa katika miaka ya 1960, na waliojenga karibu mno waliyaona yakiingia sebuleni. Matete na mafunjo ya ukingoni huchuja uchafu na kuwapa samaki mahali pa kuzaliana. Ukingo ukiachwa wazi, ziwa linapona na mwananchi anapata pa kukanyaga.

Sasa msomaji atauliza, kama sheria ipo, shida iko wapi? Shida ni kwamba sheria inakataza kujenga ukingoni, lakini haimchorei mtu kichochoro cha kumtoa barabarani hadi ukingoni. Viwanja vikipangwa ubavu kwa ubavu bila kuacha upenyo, zile mita 60 za umma zinageuka kuwa bustani ya nyuma ya wenye viwanja. Hakuna aliyejenga ndani yake, lakini hakuna mwingine anayeweza kuzifikia. Haki inabaki kwenye karatasi, na funguo ziko mfukoni mwa jirani.

Neno kutoka kwetu wauguzi

Baadhi yetu tuliosafiri ni wauguzi, na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Wapo wanaosema, "Afadhali ufuko ufungwe, watoto hawatapata kichocho wala hawatazama." Tunaelewa hofu yao. Mwanza haijasahau tarehe 21 Mei 1996 ilipozama MV Bukoba. Makaburi ya ukumbusho yapo Igoma mpaka leo. Wala hatujasahau MV Nyerere karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Ziwa ni la kuheshimiwa.

Lakini katika kazi yetu tumejifunza kwamba mtoto hazuiwi na ukuta. Akifungiwa ufuko mzuri atakwenda kwenye ufuko mbaya: penye mdomo wa mfereji, penye matete, penye mawe yanayoteleza, tena atakwenda kwa siri na watoto wenzake bila mtu mzima. Huko ndiko hatari ilipo.

Fikirini kichocho. Mayai ya minyoo hutoka kwa mgonjwa kwa njia ya choo kubwa au mkojo na kuingia majini. Vijidudu hutoka kwenye mayai hayo, huingia katika konokono wadogo na kukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye majani. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimezoeleka kandokando ya ziwa hili, huleta maumivu ya tumbo na damu kwenye choo, na kikikaa miaka bila tiba huharibu ini na kujaza tumbo maji. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, ambayo pia hugawiwa mashuleni katika kampeni. Lakini mtoto akitibiwa leo na kurudi kwenye maji yale yale yasiyo na choo jirani, kesho kutwa tunaye tena wodini.

Kwa hiyo tiba ya kweli ya ufuko ni kuutunza. Panapokuwa na njia iliyo wazi, choo cha umma, majani yamepunguzwa mahali palipochaguliwa pa kuogelea, kamba inayoonyesha mwisho wa kina kifupi na mtu mzima wa kuangalia, hatari zote mbili hupungua. Hatusemi huisha. Wazazi waepuke kuwaingiza watoto majini katikati ya mchana, kwa sababu ndipo vijidudu vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi kwenye konokono. Waulize wenyeji kuhusu mamba na viboko. Na aliyezoea kuogelea ziwani apimwe kichocho, hata kama anajisikia mzima.

Wenye viwanja nao wasikilizwe

Tulizungumza pia na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya maji. Malalamiko yake ni ya kweli. Watu wakija huacha mifuko ya plastiki, chupa na pampasi za watoto. Wengine hujisaidia kwenye miamba. Usiku wezi hupitia ufukoni. "Mngekuwa ninyi mngefanyaje?" alituuliza.

Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni kwamba umma ukidai haki ya ufuko, ubebe na wajibu wake. Katiba yetu, ibara ya 27, inamtaka kila mtu alinde mali asilia ya nchi na mali ya pamoja ya wananchi. Njia inaweza kuwa na geti linalofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku kwa saa zinazojulikana. Inaweza kuwa na upana wa mita chache tu katikati ya viwanja viwili. Hakuna hoteli itakayobomoka kwa hilo, na wala hatuombi majani yote ya ukingoni yafyekwe ili kila mahali pawe mchanga. Tunaomba mahali pachache, palipo wazi kwa wote, panapojulikana na kutunzwa.

Tufanye nini, akina mama?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Njia ya kwenda majini ni mali, na tukitegemea kumbukumbu za wazee peke yake tutaipoteza. Tunapendekeza haya, kwa wanaoishi kando ya ziwa na hata kwa walio karibu na mto au bwawa:

1. Andikeni njia zilizopo. Mkiwa kikundi, tembeeni ukingoni, hesabuni kila njia ya kushukia majini, na muandike imeanzia wapi, inatumiwa na nani na tangu lini.

2. Pelekeni orodha hiyo kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Ombeni iingie katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ifike kwa afisa mipango miji au afisa ardhi. Sheria ya Mipango Miji ni Na. 8 ya mwaka 2007. Ulizeni kama njia hizo zimo katika ramani ya eneo lenu. Kama hazimo, ombeni zichorwe kabla viwanja havijapimwa, kwa maana baada ya bikoni kuwekwa kazi huwa ngumu.

3. Hudhurieni mikutano ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi mkubwa ukija ufukoni, wananchi hutakiwa kupewa nafasi ya kutoa maoni. Ulizeni swali moja tu kwa adabu: "Watu watapitia wapi kwenda majini?"

4. Mkiona ujenzi ndani ya mita 60, toeni taarifa kwa serikali ya mtaa, kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), au kwa Bodi ya Maji ya bonde lenu. Msibomoe uzio wa mtu kwa mikono yenu.

5. Tunzeni ufuko uliobaki. Siku moja kwa mwezi ya kuokota taka, na mchango wa kujenga choo, ni hoja yenye nguvu kuliko maandamano. Asiyeacha uchafu nyuma yake ni vigumu kumfungia geti.

6. Wafundisheni watoto kuogelea, wasichana kwa wavulana. Wasichana wengi huachwa ukingoni wakishika nguo za kaka zao, lakini chombo kikizama maji hayabagui.

Mtu anaweza kusema kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko mahali pa kutandika mkeka. Ni kweli yapo, na sisi wauguzi tunayaona kila zamu. Lakini familia isiyo na pesa ya hoteli nayo huchoka, nayo huomboleza, nayo hutaka watoto wake wacheke pamoja siku moja katika mwaka. Tajiri akikosa ufuko hapa atapanda ndege kwenda kwingine. Mama wa Kirumba, wa Igombe au wa Nyegezi hana kwingine.

Wale wanaozikumbuka njia za zamani wanazeeka, na watakapoondoka hapatakuwa na shahidi wa kusema kwamba hapa watu walikuwa wakipita. Waulizeni wangali nasi, na muandike majibu yao.